Simiti Haikaushwi, Hunyweshwa Maji

Vikundi vinavyojenga matangi ya maji na vile vinavyofyatua matofali ya simiti hutuuliza mara kwa mara: hakuna njia ya kukomaza zege haraka? Mvua inakaribia, fundi anadai siku zake, na wanachama wamechoka kungoja. Njia iko, tena ya kushangaza kidogo. Ni ile nguvu inayopasha chakula ndani ya jiko la maikrowevu, lile sanduku la umeme mnaloliona katika hoteli za mjini. Tukielewa inavyofanya kazi, tutaelewa pia kwa nini zege yetu hapa kijijini inataka maji.

Kwanza tuondoe jambo moja kichwani. Wengi wetu husema simiti "imekauka" tukimaanisha imeshika. Lakini simiti haishiki kwa kukauka kama udongo wa ukuta. Unga wake ukikutana na maji, viwili hivyo huungana na kufanya kitu kipya, kigumu kama jiwe, kinachoshikanisha mchanga na kokoto. Ndiyo maana simiti hushika hata chini ya maji. Kazi hiyo huendelea siku nyingi. Ile namba 32.5 au 42.5 iliyoandikwa kwenye mfuko huonyesha nguvu inayopimwa baada ya siku 28, si siku tatu. Maji yakiisha mapema, kazi husimama pale ilipofika, na unga uliobaki hulala bure ndani ya tangi mlilolichangia shilingi kwa shilingi.

Sasa maikrowevu. Ukiteleka sufuria kwenye kuni, joto huanzia nje na kuingia ndani polepole. Maikrowevu haina moto. Hutoa mawimbi yaliyo jamaa na yale ya redio, ambayo katika jiko la kawaida hutikisika mara milioni 2,450 kwa sekunde. Chembe za maji hujaribu kuyafuata, zikigeuka huku na huku, na msukosuko huo ndio unaoleta joto. Mmarekani Percy Spencer aliligundua jambo hili mnamo 1945 akishughulika na mitambo ya rada. Zege mbichi imejaa maji, kwa hiyo mawimbi hayo huipasha hadi ndani bila kungoja joto lisafiri kutoka nje.

Mnamo 1995 watafiti Leung na Pheeraphan walichapisha matokeo yao: zege iliyopashwa hivyo ilipata nguvu kubwa baada ya saa chache tu. Habari njema, sivyo? Lakini ikipashwa kupita kiasi, nguvu ya baadaye hupungua. Maji hutoroka na kuacha vitundu. Tena zege changa ikipita nyuzi 70 hivi za joto, inaweza kuja kupasuka miezi au miaka baadaye, watu wakiwa wameshasahau. Huko Oak Ridge, Marekani, katika miaka ya 1990, wataalamu walitumia mawimbi hayo hayo makali kubomoa sakafu zilizochafuliwa na sumu za nyuklia. Maji yaliyomo ndani ya zege yaligeuka mvuke na kurusha tabaka la juu vipande vipande.

Kuna kazi nyingine ya jiko hili ambayo sisi tunaipenda zaidi. Kwenye maabara za ujenzi hupima zege mbichi kwenye mizani, wakaikausha katika maikrowevu, wakaipima tena. Uzito uliopotea ndio maji. Wanajisumbua hivyo kwa sababu maji yakizidi wakati wa kuchanganya, zege huwa dhaifu. Mfuko wa kilo 50 unatosheka na lita 25 hivi, pamoja na maji yaliyo tayari ndani ya mchanga uliolowa. Fundi anayeongeza debe zima ili koleo liwe jepesi anawaibia nguvu, hata kama ni mtu mcheshi.

Basi tuelewane: maji kidogo wakati wa kuchanganya, maji mengi baada ya kushika.

Mtambo wa aina hii si wa kijijini. Hata viwandani, wengi wanaoharakisha zege hutumia mvuke. Wala mtu asijaribu katika jiko la nyumbani. Sisi tunaanza kunyunyizia mara uso wa zege unapokuwa mgumu kiasi cha kutoharibiwa na maji, kisha tunaufunika kwa magunia yaliyoloweshwa, na juu yake nailoni ili jua na upepo visiyanyang'anye. Siku saba zisipungue. Matofali yakae kivulini, nayo yaloweshwe vivyo hivyo.

Hapa kuna neno ambalo mikutano hulikwepa. Maji hayo hubebwa na nani? Mara nyingi ni akina mama, kutoka mtoni, bila malipo na bila kuandikwa popote. Tunashauri mtunza hazina aandike mitungi hiyo kitabuni kama anavyoandika mifuko ya simiti, na zamu ziwe na majina ya wanaume pia. Zamu ikikosekana siku ya tatu, hasara ni ya kikundi kizima.

Mkiwa na shaka, fyatueni matofali mawili kutoka mchanganyiko mmoja. Moja liloweshwe siku saba, jingine liachwe juani. Baada ya siku 28 yakwaruzeni yote mawili kwa msumari, mbele ya fundi.