Fahamu: Jinsi mbolea na majitaka ya Lubumbashi yanavyoweza kudhuru ziwa la mbali

Nitrojeni na fosforasi ni virutubisho vya mimea, lakini vikizidi majini hudhuru uhai. Mjini Lubumbashi virutubisho hivi hutoka kwenye vyoo vya shimo, mitaro ya majitaka na mbolea ya bustani za mboga za mabondeni. Mvua, zinazokolea kati ya Novemba na Machi, huvisomba hadi mto Lubumbashi. Mto huo huingia Kafubu, Kafubu huingia Luapula, na Luapula humwaga maji yake Ziwa Mweru, mpakani mwa Kongo na Zambia.

Maji yanapotulia, mwani hustawi kwa virutubisho hivyo na kuziba mwanga. Ukifa, bakteria huuozesha wakitumia oksijeni, na samaki hukosa hewa. Katika Ziwa Victoria, virutubisho hivyo vilichochea pia gugu maji miaka ya 1990.

Lubumbashi ina mzigo wa pili: metali za uyeyushaji wa shaba, ulioanza 1911. Kwa anayekunywa maji hayo, kuyachemsha huua vijidudu, lakini hakuondoi metali wala nitrati (nitrojeni iliyoyeyuka majini).

Kinga huanzia juu ya mto: vyoo visivyovuja, majitaka yanayosafishwa, mbolea kwa kipimo, na ukanda wa majani kandokando ya maji.