Kumlilia mwaitu Ndithini

Jioni ya pili baada ya mama kufariki, boma huwa halina nafasi. Viti vya plastiki vimeletwa kutoka kanisani, taa imening'inizwa kwenye mwembe, na wanawake wamefika na mitungi ya maji, unga na kuni. Hakuna aliyewaita. Mmoja anaingia jikoni, anajifunga leso kiunoni na kuuliza chumvi huwekwa wapi. Binti wa marehemu anafungua mdomo kumjibu, kumbe hajui. Aliyejua ni mama. Mara nyingi kilio kilichomkaba koo tangu hospitalini hufunguka hapo, mbele ya sufuria, kwa ajili ya chumvi.

Ndithini ni mojawapo ya wadi tano za eneo bunge la Masinga, kaunti ya Machakos. Ni nchi kavu, nchi ya ndengu, mbaazi na maembe, ambako mvua huja kwa kusitasita. Katika nchi kama hiyo mama hubeba mengi: maji, mbegu za msimu ujao, karo, na kumbukumbu ya nani anamdai nani. Kwa Kikamba anaitwa mwaitu, yaani mama yetu. Akiondoka, hata mtu wa miaka hamsini mwenye wajukuu hujiona yatima, wala hapana anayemwona mtoto kwa kusema hivyo.

Imani humfikia mfiwa ikiwa imebeba kuni. Kila jioni hadi siku ya maziko kuna maombi: nyimbo za Kikamba na za Kiswahili, neno fupi la mchungaji au katekista, chai, kisha hesabu ya michango, mingine ikiwa imetumwa kwa M-Pesa na watoto na majirani walio Nairobi na Mombasa. Wakatoliki huja na jumuiya ndogondogo, utaratibu ambao maaskofu wa Afrika Mashariki waliupa kipaumbele miaka ya 1970. Waumini wa kanisa la Africa Inland Church, lililotokana na misheni iliyofungua kituo chake cha kwanza Nzaui, Ukambani, mwaka 1895, huja na akina mama wa kanisa lao. Lakini mikono hii ina historia ndefu kuliko makanisa. Wakamba wana mwethya, kazi ya pamoja ya majirani, na ni vikundi vya mwethya, wengi wao wanawake, vilivyochimba sehemu kubwa ya matuta ya fanya juu yanayozuia udongo wa Machakos usichukuliwe na maji. Waliochimba matuta na marehemu ndio wanaomchotea maji ya msiba.

Thamani ya jioni hizo ilionekana zilipozuiwa. Mwaka 2020, korona ilipoingia, serikali ya Kenya iliamuru wahudhuriaji wa mazishi wasizidi 15. Katika jamii ambayo maziko ya mama mmoja hukusanya kijiji kizima, nafasi 15 hazitoshi hata ukoo wa nyumba moja. Rambirambi zilikuja kwa simu, na simu haisukumi kuni motoni wala haikai kimya kando ya mfiwa saa tano usiku.

Aliyefikiri kwa kina kuliko wengi juu ya kifo Ukambani ni John Mbiti, mzaliwa wa Mulango, Kitui, mwaka 1931. Alipata shahada ya uzamivu Cambridge, akawa kasisi wa Kianglikana, akafundisha Makerere, na akafariki Uswisi mwaka 2019. Katika kitabu chake maarufu cha mwaka 1969 kuhusu dini na falsafa za Kiafrika, kilichoandikwa kwa Kiingereza, alichagua maneno mawili ya Kiswahili kubeba hoja yake: Sasa na Zamani. Aliyefariki, alieleza, hubaki ndani ya Sasa maadamu yuko hai mtu aliyemjua na anayemtaja kwa jina. Huyo ni mfu aliye hai. Anapoondoka wa mwisho aliyemkumbuka, ndipo naye huzama katika Zamani.

Kwa mtu aliyetoka kumzika mama, hilo lina uzito mkubwa. Mama yumo ndani ya Sasa. Hata hivyo kumbukumbu ya watu ina mwisho, na hapo ndipo Mkristo wa Ndithini hushika ahadi ya ufufuo: yupo asiyesahau jina hata wajukuu wakilisahau. Mbiti mwenyewe aliyaweka mawazo haya mawili ana kwa ana katika kitabu kingine, cha mwaka 1971, na uzeeni akatafsiri Agano Jipya kutoka Kigiriki hadi Kikamba. Alijua kwamba faraja husikika vizuri zaidi katika lugha ambayo mama alimfundishia mtoto kusali.

Wapo wahubiri wanaomkataza mfiwa kulia, eti machozi ni upungufu wa imani. Wanakosea, na wanaumiza. Yesu alimlilia Lazaro huku akijua atamfufua. Naye Agostino, mwana wa Afrika aliyezaliwa Thagaste, katika Algeria ya leo, alimpoteza mama yake Monika huko Ostia, Italia, mwaka 387. Alikuwa katika mwaka wa 33 wa umri wake. Alimfumba macho, akajikaza mazishi yote asidondoshe chozi, akaenda hata kuoga akitumaini maji yataondoa huzuni. Hayakuiondoa. Alilala, akaamka, na akiwa peke yake mbele za Mungu akayaachia machozi. Baadaye aliyaandika hayo yote bila kuona haya, na kanisa likamwita mtakatifu. Monika aliyemlilia alikuwa amesema mwili wake uzikwe popote, mradi akumbukwe altareni. Ndithini wangempinga kwenye hilo la kwanza: mama huzikwa shambani kwake.

Kipindi kigumu huja hema likishakunjwa na viti vikirudishwa. Wiki ya tatu simu hupungua. Akina mama wa kanisa wenye busara hulijua hilo, na hupita tena bila shughuli yoyote, wakae tu, waulize kama punda amekunywa maji.

Kisha mvua za Oktoba hukaribia na shamba halingoji. Familia hurudi kwenye matuta aliyoyachimba mama, jembe likipita pembeni mwa kaburi lenye udongo ambao bado haujashikana. Kwa desturi ya Wakamba, binti wa kwanza wa mwana hupewa jina la mama wa baba yake, na baba humwita mtoto huyo vile alivyomwita mzazi wake. Mjukuu mwenye jina la marehemu ana miaka sita, ameshika kibuyu cha mbegu za ndengu kwa mikono miwili.

"Mwaitu," baba yake anamwita kutoka mwisho wa mtaro, "lete mbegu."