Zebaki Mfukoni, Mekyuri Ubaoni

USINICHEKE msomaji, lakini Hisabati mimi nilipata F. Tena F nene, iliyoshiba, wala si ile ya kukosa maksi mbili. Na ukinicheka utakuwa umecheka umati, maana kwa miaka mingi waliokuwa wanafaulu somo hilo kwenye mtihani wa kidato cha nne hawakufika hata robo ya watahiniwa nchi nzima. Ukoo wetu ni mkubwa, tukiamua tunaanzisha chama.

Leo lakini sikuja kulilia F. Nimekuja na jambo la Kemia, somo ambalo nilipata D na nyumbani wakachinja kuku. Jambo hili limenikaa rohoni tangu mwaka 2017, na kila nikipita mwaloni linanikaba upya.

Nimesoma sekondari ya kata huku Geita, upande ule ambao ukirusha jiwe linatumbukia kwenye duara la mtu. Jina la shule naliacha. Baadhi ya walimu wangu bado wapo na sitaki waniite ofisini na ndevu hizi. Niliingia kidato cha kwanza mwaka 2014. Dawati la watu wawili tulikaa watatu, mimi nikiwa katikati kama nyama ya sambusa. Kushoto kwangu alikaa mshikaji mmoja ambaye hapa nitamwita Jirani. Mama yake alikuwa mama ntilie machimboni. Jirani mwenyewe kengele ya mwisho ikilia tu, huyo, mwaloni.

Kwa wewe uliyeko Dar ambaye dhahabu unaiona kwenye masikio ya watu, mambo yanakwenda hivi. Mawe yanatoka duarani yakiwa kwenye viroba, yanasagwa na karasha mpaka yawe unga. Unga unaoshwa kwa maji juu ya mwalo, ambao ni ubao wa mteremko uliotandikwa magunia, ili kile kizito kinase. Kilichonasa kinatiwa kwenye karai pamoja na zebaki. Zebaki inaikumbatia dhahabu, mtu anavikanda kwa mkono mtupu, anakamua kwenye kitambaa, kinabaki kidonge cheupe kama fedha. Kidonge kinachomwa. Zebaki inapaa na moshi, dhahabu inabaki imekaa. Biashara imekwisha, twende kwa mnunuzi.

Sasa turudi darasani. Kipindi cha Fizikia ticha alitufundisha densiti. Maji 1, mchanga 2 na nusu na ushee, zebaki 13.6, dhahabu 19.3. Akasema kuna kopo maalumu lenye mrija pembeni la kupimia mambo hayo, tulichore. Kopo lenyewe hatukuliona, maabara yetu ilikuwa ni chumba chenye kufuli. Nikalichora vizuri, nikapata vema mbili. Muda huohuo, nje ya uzio, mama zetu walikuwa wanazungusha karai ndani ya maji, mchanga unatoka kwa wepesi wake na dhahabu inabaki chini kwa uzito wake. Densiti tupu! Kumi na tisa dhidi ya mbili na nusu! Hakuna aliyetutoa nje tukaone. Nasi hatukuuliza, kwa sababu kuuliza ilikuwa lazima kwa ung'eng'e.

Hapo kwenye ung'eng'e ndipo penye mkasa. Miaka saba ya msingi ulisoma Sayansi kwa Kiswahili, ukajua usanisinuru, ukajua mmeng'enyo wa chakula, ukajiona mtu. Unaingia kidato cha kwanza, kila kitu kinabadilishwa jina usiku mmoja isipokuwa somo la Kiswahili lenyewe. Kwetu kulikuwa na kibao cha mbao chenye kamba. Ukikamatwa unaongea Kiswahili unakivaa shingoni mpaka umkamate mwingine. Ukiongea Kisukuma ndiyo usiseme. Matokeo yake darasa zima likawa bubu. Jirani, ambaye nje ya darasa anaweza kumchekesha maiti, aliishi miaka karibu miwili na maneno mawili tu, "yes" na "sir". Siku amekuja mwalimu wa kike akamjibu "yes sir", akalamba kibao.

Mtu huyo huyo kwa hesabu za mwaloni alikuwa profesa. Dhahabu kwetu inapimwa kwa gramu na pointi, pointi kumi ni gramu moja. Unamwambia Jirani leo bei ya gramu iko hapa, kidonge kina gramu 1 na pointi 7, mwenye karasha achukue chake, waliobeba mawe wapate chao, waliobaki ni wanne. Kabla hujapata kalamu ameshakutajia kila mtu anaondoka na nini, na chenji ya soda. Ukimwandikia desimali hizo hizo ubaoni, na maelezo yake kwa kimombo, anapata mbili ya ishirini. Mwalimu akawa anamwita mzigo.

Jiografia sitaikalia sana. Tulikariri dhahabu ya Witwatersrand kule Afrika Kusini, ramani tukachora na reli zake, huku baruti za mgodi mkubwa zikitikisa madirisha yetu. Wala Historia, ingawa ipo moja niliyojiokotea mwenyewe: mwaka 1947 pale Mwadui, Shinyanga, ilipatikana almasi ya waridi ya karati 54.5, ikaenda Uingereza kuwa zawadi ya harusi ya Malkia Elizabeth kabla hajawa malkia. Shinyanga kwa mjomba ninapafahamu mpaka vichochoro, lakini habari hiyo nimeisoma kwenye gazeti lililofungiwa maandazi.

Kemia sasa. Mwaka 2015, kidato cha pili, kipindi cha alama za elementi. Ticha anapiga ubao na fimbo, sisi tunaimba. Sodiamu, Na! Dhahabu, kwa maana ya "gold", Au! Mekyuri, Hg! Akatuandikia noti kwamba mekyuri ndiyo metali pekee iliyo kimiminika katika joto la kawaida, na kwamba mvuke wake ni sumu. Tukanakili. Nina hakika tulinakili kwa sababu daftari ninalo mpaka leo, na mwandiko ni wangu.

Siku hiyo hiyo, ndani ya kipindi hicho hicho, Jirani alikuwa na kichupa cha dawa ya macho mfukoni. Ndani yake zebaki. Alikuwa ametumwa na bosi wake wa mwaloni aipeleke jioni. Chini ya dawati akanimiminia tone kwenye kiganja, likawa linakimbia huku na huku kama lina roho, tukacheka kimyakimya, nikamrudishia. Ubaoni mekyuri, kiganjani zebaki. Mdomoni tunaimba sumu, mkononi tunaichezea. Hakuna hata mmoja wetu aliyejua kwamba ni kitu kimoja.

Muhula ule wa mwisho Jirani hakurudi. Ada ilikuwa shilingi 20,000 kwa mwaka, ukiongeza michango ya mlinzi, ya mtihani, ya madawati ambayo hatukuyaona. Mama yake aliuguza mdogo wake, hela ikaishia huko. Januari 2016 serikali ikafuta ada. Nikamkimbilia duarani kumpa habari. Akaniangalia, kavaa tochi kichwani, akasema, "Msomi, mimi sasa hivi nina watu wanne wanakula kwangu. Nikavae kibao?"

Nilikuwa namwogopea sana mwaka ule. Oktoba 2015 wachimbaji walikuwa wamefukiwa Nyangalata, wilayani Kahama, na watano wakaja kutolewa wakiwa hai siku ya 41. Walikula vyura, mende na mizizi. Redio ilipotangaza, mama yake Jirani aliacha mwiko ndani ya sufuria, akakimbilia duarani kuhakikisha mwanawe yuko juu ya ardhi. Watu wote tulidhani hatari ya machimbo ni kufukiwa.

Kidato cha tatu tukasoma Watoto wa Mama N'tilie cha Emmanuel Mbogo, kitabu cha watoto wa mama muuza chakula, maskini kama sisi, ambao shule iliwatupa nje. Hilo ndilo somo pekee lililokuja nyumbani kwetu likagonga hodi. Nikamwazima Jirani. Kikarudi baada ya siku tatu kikiwa na alama za vidole vya udongo mwekundu kuanzia ukurasa wa kwanza mpaka wa mwisho. Huyo ndiye mzigo.

Kumbe sasa. Mwaka 2017, wiki chache kabla ya mtihani, nipo na kamusi ya Kiingereza na Kiswahili ya kuazima. Natafuta neno "merchant" kwa ajili ya Historia. Jicho likateleza mistari michache chini, likatua kwenye "mercury". Mbele yake imeandikwa: zebaki.

Msomaji, nilihisi tumbo limegeuka. Nikafungua daftari la kidato cha pili. Mvuke wake ni sumu. Nikakumbuka Jirani kidonge anachomea wapi.

Alikuwa anachomea chumbani, kwenye jiko la mkaa la mkewe, ndani ya kikaango. Nilimkuta kesho yake. Mkewe alikuwa na mimba ya miezi sita, kakaa mkekani anachambua dagaa. Nikaeleza yote. Kwamba moshi ule unaingia mapafuni, unakwenda kwenye damu na ubongo, mikono inaanza kutetemeka, kumbukumbu inapotea, na aliye tumboni ndiye anayeumia zaidi. Nikamwonyesha daftari. Jirani akacheka kwanza: "Kwa hiyo mimi nimefaulu Kemia miaka yote hii?" Halafu akanyamaza. Halafu akasema neno ambalo silisahau: "Nikichomea nje watu wanaona moshi, wanajua leo nimepata. Mwizi naye anaua, msomi."

Nilikosa jibu. Kwenye noti zangu mwizi hakuwemo.

Tangu hapo nimekuwa nikiokoteza habari za kitu hiki kama ngedere na mahindi. Kule Japani, mji wa Minamata, kiwanda kilimwaga uchafu wa zebaki baharini, samaki wakala, watu wakala samaki, na mwaka 1956 ugonjwa wake ukajulikana rasmi. Hata paka walikuwa wanakufa kwa degedege. Mji huo ndio uliolipa jina lake Mkataba wa Minamata wa mwaka 2013, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2020. Mwaka huohuo wa 2013, Human Rights Watch walitoa ripoti juu ya watoto kwenye migodi ya dhahabu ya Tanzania, Geita na Kahama zikiwemo. Yaani mimi nilikuwa darasa la saba na dunia ilishajua. Na vipo vyombo vya kufunika vinavyounasa moshi na kuirudisha zebaki kwenye chupa, itumike tena. Kinachouma zaidi, zebaki yenyewe mara nyingi hainasi hata nusu ya dhahabu iliyomo, ndiyo maana marudio yetu yana wanunuzi, wakayachenjue upya kwa sayanaidi. Mtu anaingiza sumu nyumbani na bado zaidi ya nusu ya mali anamwachia mwingine. Hiyo ilikuwa hesabu ya Jirani, si yangu, aliipiga kichwani nilipomtajia.

Alihama na moshi wake. Siku hizi wanachomea mwaloni alfajiri, watu watatu pamoja, wakikaa upande upepo unakotoka. Chombo cha kufunika wanachangishana, hakijafika. Kikaango mkewe alikitundika nje kwenye mti wa mwembe, na ole wake atakayekigusa.

Mtoto wao alizaliwa salama mwaka 2018, wa kike, sasa yuko shule ya msingi. Juzi nilikwenda kuwasalimia. Kichupa bado kipo, kazi ni ileile, ila miaka ile Jirani aliniomba nikiandikie kwa kalamu ya wino mzito. Binti alikiona juu ya kabati, akanyoosha shingo, akasoma kwa sauti kama wanavyofundishwa: "Su. Mu."

Jirani akainuka bila kusema neno, akakichukua, akakipandisha juu kabisa, kwenye kenchi.