Taa ya Sola Ikikataa Kuchaji

Vikundi vingi vimenunulia wanachama taa za sola kwa michango yao. Lakini taa ikikataa kuchaji, watu husema imekufa, na watoto wanarudi kusomea koroboi. Tumeona taa nzima zikitupwa hivi hivi. Kabla hamjatoa pesa, jaribuni haya:

1. Paneli. Pangusa vumbi kwa kitambaa chenye maji. Iweke juani tangu asubuhi. Hata kivuli cha tawi moja hupunguza nguvu sana.

2. Waya. Panya huutafuna. Chomeka pini mpaka mwisho, kisha utikise waya polepole. Alama ya chaji ikiwaka na kuzima, waya umekatika ndani au pini imelegea.

3. Tundu la kuchajia. Toa uchafu kwa kijiti kikavu, siyo sindano.

4. Azima paneli ya jirani mwenye taa kama yako. Ikichaji, shida ni paneli au waya wako. Isipochaji, shida iko ndani ya taa.

Ikichaji kutwa nzima na bado izime upesi usiku, betri imechoka. Kama garantii haijaisha, usiifungue, irudishe dukani. Kama imeisha, fundi aweke betri ya aina ile ile na volti zile zile. Ile ya zamani msiitupe motoni, inaweza kulipuka.

Na tukumbuke: paneli ikae juani, taa ikae kivulini. Joto huharibu betri. Pia taa isikae miezi bila kuchajiwa.