Eneo-kazi Lisilotulia: Linux na Usasishaji wa Mfululizo

Mwalimu wa sekondari huko Maji ya Chai, kando ya barabara kuu itokayo Arusha kwenda Moshi, akipewa kompyuta kuukuu za kufundishia, hupata msaada katika Linux. Mfumo huu, ulioanzishwa na Linus Torvalds mwaka 1991, hupatikana bila malipo na huweza kuendesha hata mashine dhaifu. Lakini mapema atatakiwa kuchagua: achukue Linux inayotolewa kwa vipindi, au ile isasishwayo mfululizo?

Eneo-kazi ni jumla ya programu zinazochora madirisha, menyu na vitufe katika skrini. Yaliyo mashuhuri ni GNOME, na Plasma ya kundi la KDE. Eneo-kazi halisimami peke yake. Plasma imejengwa juu ya maktaba ya programu iitwayo Qt, na chini yake kuna viendeshi vya skrini na kiini chenyewe cha Linux. Kila tabaka huundwa kwa kutazamia toleo fulani la tabaka lililo chini yake.

Plasma 6 ilitolewa tarehe 28 Februari 2024. Watumiaji wa Arch Linux, isasishwayo mfululizo, waliipata mwezi uliofuata. Wale wa Debian thabiti waliipata Agosti 2025, katika Debian 13. Wa kwanza walitangulia kuona mapya, na pia walitangulia kuona viongezo vyao vya Plasma 5 vikikoma kufanya kazi. Neno "thabiti" basi lahitaji uangalifu. Halimaanishi programu isiyo na kasoro, bali isiyobadilika-badilika. Kasoro ya zamani yaweza kudumu humo, ila mwalimu ataikuta pale pale alipoiacha jana.

Lugha nayo huguswa. Jambo OpenOffice, iliyotolewa mwaka 2004 na mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ilifasiriwa kwa toleo maalumu. Toleo jipya la programu yoyote huja na maneno ambayo bado hayajafasiriwa.

Hata hivyo, hatari kubwa ya mfululizo haitokani na upya, bali na kusasisha nusunusu. Tuseme kompyuta haikusasishwa kwa miezi mitatu kwa kukosa fedha za intaneti. Mwanafunzi anasimika programu moja tu mpya, nayo inakuja na Qt mpya. Plasma iliyobaki iliundwa kwa Qt ya awali, na huenda isioane na hii. Asubuhi ya mtihani wa vitendo skrini ni nyeusi, ingawa mashine ni nzima. Umeme ukikatika katikati ya usasishaji, matokeo yaweza kuwa yayo hayo.

Kwa hiyo vyote husasishwa pamoja, au kisiguswe kitu. openSUSE Tumbleweed huweza kuhifadhi taswira ya mfumo kabla ya kusasisha, ili mtumiaji airudie mambo yakiharibika. Kwa chumba chenye mashine nyingi na mwalimu mmoja, Debian yafaa zaidi, mradi marekebisho yake ya usalama yasiachwe. Mashine moja ya mfululizo yaweza kutengwa kwa majaribio ya wanafunzi. Hiyo ikiwa nyeusi, wabonyeze Ctrl, Alt na F3 kwa pamoja: mara nyingi hutokea ukurasa wa maandishi matupu, na kutoka hapo usasishaji uliokwama huweza kukamilishwa.