Je, Filta ya Oili ya Gari Lenu ni Nzuri?

Akina mama wengi tukisikia habari za injini tunageuza uso. Tunasema hayo ni mambo ya baba watoto na fundi wake. Sisi kazi yetu ni kupanda garini na watoto, vikapu na ndoo, na kufika salama. Hata nyumbani kwetu tulikuwa na mawazo hayo hayo, mpaka siku ambayo barabara ilitufundisha.

Tulikuwa tunatoka Dar es Salaam kwenda Morogoro kwenye harusi ya ndugu yetu. Gari lilikuwa limebadilishwa oili na filta wiki tatu tu kabla ya safari, kwa hiyo hatukuwa na wasiwasi. Tulipopita Mlandizi, taa nyekundu yenye picha ya kibirika ikawaka mbele ya dereva. Watoto ndio walioiona kwanza, wakacheka wakisema gari linataka chai. Sisi wakubwa tukasema, "Tufike kwanza Chalinze, pale mafundi hawakosekani."

Hatukufika. Injini ilianza kugonga kama mtu anayetwanga kinu kitupu, kisha ikanyamaza kabisa. Tunamshukuru Mungu kwamba hakuna aliyeumia, lakini harusi ilitupita, na gari lilirudi Dar es Salaam likivutwa kwa kamba.

Fundi alipolipasua lile kopo la filta, alitukuta na aibu yetu. Karatasi ya ndani ilikuwa imechanika na kujikunja, na vipande vyake vilikuwa vimekwenda kuziba vijia vya oili. Filta ile tuliinunua wenyewe, kwa sababu ilikuwa rahisi kuliko zote dukani. Tofauti ya bei ilitosha mkate na maziwa ya siku moja. Injini nyingine, tena iliyokwisha kutumika, ilimaliza fedha tuliyokuwa tumeiweka kwa ada ya watoto.

Tangu siku ile tumejifunza kuitazama filta kabla haijafungwa. Siyo kazi ngumu, na haihitaji uwe fundi.

KAZI YA FILTA

Oili hukaa chini ya injini katika bakuli linaloitwa sampu. Injini inapowaka, pampu huivuta oili hiyo na kuisukuma ipite kwenye filta, halafu iende kwenye vyuma vinavyozunguka na kusuguana. Oili hulainisha vyuma, hupunguza joto, na pia hubeba uchafu: masizi, vumbi lililopenya, na chembe za chuma. Uchafu huo ukiachwa uzunguke, hula vyuma kama mchanga.

Magari ya kwanza kabisa hayakuwa na filta ya namna hii. Mwaka 1923 Mmarekani Ernest Sweetland alibuni chujio la oili ya gari, na baadaye makopo tunayoyajua leo yakaenea kila mahali.

Mama anayekamua tui la nazi ataelewa upesi. Kifumbu chenye matundu makubwa hupitisha chicha. Kilichobana mno hakitoi tui, na ukilazimisha kinapasuka. Filta nayo ni hivyo hivyo: lazima izuie uchafu, na papo hapo ipitishe oili ya kutosha. Chembe nyingi zinazoharibu injini ni ndogo kuliko unene wa unywele, hazionekani kwa macho. Kwa hiyo usidanganyike kwamba oili ikionekana safi basi filta ni nzuri.

NDANI YA KOPO MNA NINI?

Kwa nje makopo yote hufanana. Tofauti iko ndani, na huko ndiko wauzaji wa vitu bandia wanakojificha. Filta nzuri ina vitu vinne vya muhimu.

Kwanza ni karatasi ya kuchujia. Hukunjwa marinda mengi, kama sketi ya shule, ili eneo la kuchuja liwe kubwa. Katika filta duni marinda huwa machache, yamepangwa ovyo, na gundi yake haistahimili joto.

Pili ni raba ya ndani inayozuia oili isirudi kwenye sampu gari likiwa limezimwa. Raba hii ikiwa mbovu, oili yote hushuka usiku. Asubuhi ukiwasha, injini hugonga kwa sekunde kadhaa na taa nyekundu huchelewa kuzimika, maana vyuma vinasubiri oili ipande. Ukisikia kelele hiyo kila asubuhi tangu mlipobadilisha filta, msiipuuze.

Tatu ni mlango mdogo wenye springi. Karatasi ikiziba, au oili ikiwa nzito kwa baridi, mlango huo hufunguka ili oili ipite bila kuchujwa. Ni afadhali injini ipate oili chafu kuliko ikose kabisa. Katika injini nyingine mlango huu haumo ndani ya kopo, umewekwa kwenye injini yenyewe. Ndiyo sababu filta ya gari moja haiwezi kuhamishiwa gari jingine kwa kuwa tu inaingia.

Nne ni raba ya nje inayobana kopo kwenye injini. Ikiwa ngumu au imepinda, oili itavuja.

Magari mengine, hasa ya miaka ya karibuni, hayatumii kopo. Yana nyumba ya filta iliyofungwa kwenye injini, na kinachobadilishwa ni karatasi ya ndani pamoja na raba zake. Hapo hakikisha raba mpya zimo kwenye boksi.

UNAPOFIKA DUKANI

Usiseme tu, "Nipe filta ya Toyota." Toyota ni nyingi na injini zake ni nyingi. Soma namba ya filta katika kitabu cha gari, au mpe muuzaji mwenye ujuzi namba ya chesisi aitafute. Filta ya zamani inasaidia kulinganisha, lakini usiitegemee peke yake, kwa maana huenda aliyeifunga alikosea. Angalia pia usipewe filta ya dizeli au ya petroli mahali pa ile ya oili. Makopo yake huweza kufanana.

Kisha ishike mkononi na uitazame:

Boksi liwe na maandishi yaliyochapwa vizuri, bila makosa ya herufi, na namba yake ifanane na iliyo kwenye kopo.

Kopo lisiwe na bonde, kutu wala rangi inayobanduka kwa kucha. Rangi iliyopakwa upya ni dalili ya kopo lililokwisha kutumika.

Chungulia tundu la katikati. Mizunguko ya kufungia, kama iliyo ndani ya nati, iwe safi na isiwe na unga wa chuma. Karibu nalo kuna vitundu vidogo vilivyozunguka. Katika makopo mengi ukichungulia humo utaiona ile raba ya ndani.

Gusa raba ya nje. Iwe laini, imekaa sawasawa katika mfereji wake.

Litikise kopo taratibu. Likilia kama kuna kitu kimelegea ndani, lirudishe.

Bei nayo husema. Siyo kila filta ya bei kubwa ni halisi, wala si lazima iwe na jina la kampuni iliyotengeneza gari. Wapo watengenezaji wengine wanaoaminika. Lakini filta inayouzwa kwa sehemu ndogo tu ya bei ya wenzake ina kitu kilichopunguzwa. Nunua kwenye duka linalojulikana, na udai risiti ya mashine. Hapa Tanzania Tume ya Ushindani ndiyo inayoshughulikia bidhaa bandia, na bila risiti utakuwa huna ushahidi wa kuonyesha.

SIMAMA KARIBU FUNDI ANAPOFUNGA

Filta nzuri huweza kuharibiwa na mkono wa haraka. Fundi anapoitoa ya zamani, mwombe akuonyeshe kwamba raba yake imetoka nayo. Raba ya zamani ikibaki na mpya ikawekwa juu yake, oili inaweza kumwagika yote njiani. Apake oili mpya kidogo kwenye raba, azungushe kopo kwa mkono hadi liguse, kisha akaze kama ilivyoandikwa kwenye kopo au boksi. Mara nyingi ni robo tatu ya mzunguko. Kukaza kwa nguvu zote na spana huumiza raba.

Akimaliza, gari liwashwe. Taa nyekundu izimike katika sekunde chache. Chungulieni chini kama pana matone, zimeni, subirini kidogo, kisha pimeni oili kwa kijiti chake.

Kopo la zamani litobolewe ili lisirudi sokoni. Oili chafu isimwagwe uani wala mtaroni. Gereji iiweke kwenye pipa, na mikono ioshwe kwa sabuni, kwani oili iliyotumika ikigusa ngozi mara kwa mara ina madhara.

IBADILISHWE LINI?

Kila oili inapobadilishwa, filta nayo ibadilishwe. Kumimina oili mpya juu ya filta chafu ni kama kumwogesha mtoto na kumvika nguo zile zile za jana. Wala isioshwe kwa petroli na kurudishwa. Iko oili ya kilomita 3,000, ya 5,000 na hata zaidi. Fuateni kitabu cha gari na maandishi ya oili yenyewe. Gari linalopita barabara za vumbi, au linalokaa kwenye foleni injini ikinguruma, lisisubiri mpaka mwisho wa hesabu hiyo.

Sisi sasa tuna daftari dogo ndani ya gari. Tunaandika tarehe, kilomita, namba ya filta na duka tulikoinunua. Wanaolijaza ni watoto, na hawacheki tena wanapoliona birika. Wanajua kwamba taa ile ikiwaka njiani, gari linawekwa pembeni na injini inazimwa saa ile ile, hata kama Chalinze inaonekana kwa macho. Fundi alituambia kwamba kama tungefanya hivyo siku ile, huenda injini yetu ingepona.

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Safari ijayo baba watoto akisema anakwenda kubadilisha oili, usimwambie tu kwaheri. Mwambie, "Nionyeshe kwanza hiyo filta."