Land Rover ya babu: kabla hujaipeleka skrepa, soma hapa kwanza

Leo tuache siasa kidogo, tuongelee chuma.

Kuna swali limekuwa likirudi kila mara kutoka kwa vijana wa Usagara, Makorora, Muheza mpaka Korogwe huko: mzee ameacha Land Rover nyuma ya nyumba, haijawashwa miaka mingi, kuku wanatagia kwenye kiti cha dereva, fundi kasema spea hazipo tena duniani, na jamaa wa skrepa keshapita mara tatu na mizani yake. Wauze kwa kilo?

Mimi nasema subiri kwanza mwanangu. Spea zipo. Gari hilo limetengenezwa kwa muda mrefu kuliko karibu gari lolote unalolijua: lilioneshwa mara ya kwanza Amsterdam Aprili 1948, likaja Series II mwaka 1958, IIA 1961, Series III 1971, halafu 110 mwaka 1983, na la mwisho la umbo lile lilitoka kiwandani Solihull, Uingereza, Januari 2016. Vifaa vingi vipya vya Series bado vinatengenezwa mpaka leo. Na Oktoba 2024 pale Arusha walipofanya tamasha la Land Rover, yalijaa mamia kwa mamia barabarani. Unadhani yote hayo yanatembea kwa maombi?

Kinachokosekana ni kulijua gari lenyewe. Unakwenda dukani unasema "nipe beringi ya Land Rover", muuzaji anakuuliza ipi, unasema "ile ya zamani". Hapo umeshaliwa.

Kwa hiyo anza na namba. Namba ya chesisi iko kwenye kibati ndani ya kebini, na kwa Series II na III imegongwa pia kwenye chuma cha chesisi mbele kulia, pale springi inaposhikia. Chukua brashi ya waya, sugua taratibu. Ya injini imegongwa ubavuni mwa bloku, upande wa mbele. Angalia sana herufi ya mwisho, A, B, C na kuendelea. Wengi wanaipuuza, kumbe hiyo herufi ndiyo inasema kiwanda kilibadilisha nini katikati ya safari. Mfano mzuri ni injini ya lita 2.25, ambayo ndiyo imejaa mashambani huku kwetu. Mpaka 1980 krenki yake inakaa kwenye beringi tatu, baada ya hapo tano. Kwa nje zinafanana kama mapacha, lakini krenki ya moja haiingii kwenye nyingine hata upige nyundo mpaka kesho.

Sasa tuje kwenye utamu wenyewe. Vifaa vingi vya gari si vya gari! Beringi ni kiwango cha dunia. Ukiiona imeandikwa 6205, hata iwe imetoka kwenye pampu ya maji au mota ya mashine ya kusaga, ni ileile: tundu la ndani milimita 25, nje 52, unene 15. Kuna kahesabu kepesi hapo: chukua tarakimu mbili za mwisho, zidisha mara 5, unapata tundu la ndani. 6204 ni 20, 6206 ni 30. (Chini ya 04 hesabu hiyo haifanyi kazi, 6203 ni 17.) Herufi za nyuma zinaeleza kifuniko: 2RS ni mpira pande zote mbili, ZZ ni bati. Za koni, kama zile za kwenye magurudumu, zina namba mbili, moja kwenye kipande cha ndani na nyingine kwenye bakuli la nje. Hazifuati kahesabu kale na nyingi vipimo vyake ni vya inchi, lakini namba inabaki ileile hata kampuni iwe tofauti. Oili sili nazo hivyohivyo, vipimo vitatu vimeandikwa juu ya mpira: shafti, nje, unene. Kama maandishi yamefutika, pima kwa venia. Usipime kwa rula ya shule, jamani.

Ndiyo maana wazee wa gereji hawaombi kifaa kwa jina la gari. Wanabeba kile kibovu mkononi. Fanya hivyo na wewe: shikamoo kwanza, weka chuma mezani, halafu nyamaza usikilize. Mafundi waliopitia miaka ya mwanzo ya 80, wakati fedha za kigeni hazipatikani na dukani ni rafu tupu, walilazimika kujua nini kinaingia wapi. Maarifa hayo yapo vichwani tu, hayajaandikwa popote, na wenye vichwa hivyo wanazeeka.

Kwenye intaneti vilevile, iwe kwenye kafe au kwenye simu, tafuta kwa namba ya kifaa, usitafute kwa jina. Vitabu vya orodha ya spea vya Series IIA na III vimeshaskaniwa, vina michoro, kila nati ina namba yake. Chapa namba uende nayo Gerezani Dar, au mpe mtu anayevuka Horohoro kwenda Mombasa. Kenya waliwahi kuziunganisha Land Rover kulekule Thika, kwa hiyo vyuma vyake bado vimezagaa.

Bodi ni hadithi yake. Ile ni alminiamu, kwa sababu baada ya vita vya pili Uingereza chuma kilikuwa cha mgawo. Ndiyo maana jamaa wa skrepa anacheka akiiona: alminiamu kwa kilo inalipa kuliko chuma, na madigadi ya babu yako yanaishia kuwa masufuria. Haioti kutu nyekundu, lakini inapogusana na chuma kwenye hewa ya chumvi kama hii yetu inageuka unga mweupe. Ukifunga tena weka rangi au kipande cha mpira katikati. Na usimpe fundi wa kuchomelea mageti ya madirisha, atatoboa. Alminiamu inataka mtu mwenye mashine ya gesi ya agoni na mkono uliotulia.

Adui wa kweli Tanga ni chesisi, ambayo ni chuma cha boksi kinachooza kuanzia ndani. Kwa nje rangi inang'aa, ndani ni biskuti. Gonga kwa nyundo ndogo kutoka mbele mpaka nyuma: inapolia "ting" iko hai, inapolia "tup" chora chaki. Ukikuta chaki nusu ya gari, hapo ndipo uanze hesabu za kuuza.

Bushi za springi watu wanachonga kutoka kwenye tairi kuukuu, na kwa gari la shamba linalotembea polepole sina ugomvi nazo, ilimradi uzikague mara kwa mara. Springi zenyewe hukatwa kutoka za lori. Sawa, ila utakaa juu ya jiwe.

Umeme: Land Rover nyingi za kabla ya 1967 hivi zina chanya kwenye bodi, kinyume cha magari ya leo. Ukifunga alteneta ya Kijapani bila kugeuza mfumo, diodi zake zinaungua papo hapo na utamlaani muuzaji bure. Geuza betri, geuza waya za koili, ndipo ufunge.

Haya, thredi. Hapa nitakaa kidogo maana ndipo watu wanapoumia. Mwingereza wa zamani alitumia bolti za BSF na Whitworth, baadaye akahamia UNF na UNC, mwishoni kabisa metriki. Gari moja linaweza kuwa na zote tatu. Mfano, rimu: za Series II na III na za Defender matundu yanalingana, matano, inaingia bila tatizo. Lakini nati ni habari nyingine, za zamani ni 9/16 BSF na za baadaye ni M16. Nati ikizunguka mizunguko miwili halafu ikakaza, usiongeze bomba kwenye spana. Itoe.

Mbaya zaidi ni nati ndogo za paipu za breki. Za Land Rover nyingi ni 3/8 UNF, yaani milimita 9.5 na ushee, meno 24 kwa inchi. Za Mjapani ni M10 meno ya milimita 1, yaani kama meno 25 kwa inchi. Umeona zilivyokaribiana? Ya Mwingereza inaingia kwenye tundu la Mjapani vizuri kabisa, inakaza kidogo, fundi anafuta mikono, anakwambia tayari bosi. Haijashika. Siku utakayokanyaga kwa nguvu zote, shinikizo linaisukuma nje. Na Series nyingi zina mfumo mmoja tu wa breki: ikitoka nati moja, pedali inakwenda chini na matairi yote manne yako huru. Fikiria uko na abiria unashuka kutoka Soni kuelekea Mombo.

Kwa hiyo kwenye breki mimi sina utani. Silinda kubwa, silinda za magurudumu, hozi na mipira yake nunua ya gari lenyewe kwa namba yake. Drami pima, 88 nyingi zina za inchi 10 na 109 za inchi 11, viatu haviazimani. Na mafuta ni ya breki tu, DOT 3 au 4. Kuna watu wanaongezea oili ya injini au ya gia ikipungua njiani. Oili ya madini inavimbisha ile mipira, breki zinashika zenyewe au zinakufa kabisa, na hapo utabadilisha kila mpira kwenye gari. Stelingi nayo ni kundi hilohilo. Hakuna kuchomelea mkono wa stelingi, hata akuapie nani.

Kifaa kingine cha kuogopa kukichonga ni hafu shafti, ule mkono wa chuma unaotoka kwenye difu kwenda kwenye gurudumu. Za nyuma za zamani zina sifa ya kukatika, na fundi wa mashine ya kuchongea vyuma atakuchongea nzuri inayometameta kutoka kwenye nondo la kawaida. Lakini ya kiwandani ni chuma kigumu kilichopitishwa motoni. Hii ya nondo itajipinda kama kamba. Na usichoambiwa ni kwamba handibreki ya Land Rover haishiki magurudumu, inashika shafti inayotoka kwenye gia boksi. Hafu shafti ya nyuma ikikatika umepaki mlimani, umevuta handibreki mpaka mwisho, gari linaondoka bila wewe. Weka jiwe kila siku.

Mwisho tuongelee ugonjwa wa mjini: kutoa injini ya Land Rover na kufunga ya Mjapani. Silaumu. Isuzu 4JB1 ya lita 2.8 imeokoa magari mengi, inakunywa kidogo na spea zake ziko kila kona. Lakini pleti ya kuunganishia na gia boksi lazima ichongwe katikati sawasawa. Ikipotoka kidogo tu, klachi na beringi ya mbele ya gia boksi zitakufa kila miezi kadhaa, na kila mtu atasingizia gia boksi. Wanaofunga 1HZ ya Land Cruiser ndio nawashangaa. Injini ile ina nguvu ya kuvuta karibu mara mbili ya dizeli ya zamani, sasa gia boksi na hizo hafu shafti zitahimilije? Kama unataka kubaki kwenye ukoo, 200Tdi, ile iliyoanza na Discovery mwaka 1989, inapokelewa na gia boksi ya Series kwa marekebisho machache. Mimi ningetafuta hiyo kwanza.

Ukibadili injini, kumbuka kadi ya gari ina namba ya injini na ya chesisi. Nenda TRA wabadilishe taarifa, ubaki na risiti ya ulikoinunua. Trafiki akifungua boneti akakuta namba haifanani na kadi, maelezo ya "ni ya babu" hayatoshi. Na injini ya zamani usiiuze, isafishe, ipake oili, ifunike turubai. Kuna siku mjukuu ataitaka.

Nina ombi moja kwa wadau. Natafuta mafundi wa Tanga, Muheza, Korogwe na Lushoto ambao bado wanafua krenki na kuchonga bushi za shaba kwa vipimo vya inchi. Usiweke namba ya simu ya mtu hapa bila ruhusa yake, taja mtaa tu na aina ya kazi. Na mwenye gia boksi ya Series III iliyolala, aseme herufi ya mwisho ni ipi kabla hajasema bei.